Je, wajua kwa nini kiwanja cha kiwanda cha zamani kinatobolewa mashimo na maji hayatafutwi?

Ule ukumbi wa O2 wa Greenwich, London, wanapopiga shoo wasanii wakubwa, umekaa juu ya ardhi ambayo tangu miaka ya 1880 ilikuwa kiwanda cha kutengeneza gesi kwa makaa ya mawe. Waingereza wakaja kupata gesi ya asili ya Bahari ya Kaskazini, kiwanda kikafungwa, na miaka ya 1990 ardhi ikabidi isafishwe kwanza ndo wajenge. Sasa uchafu uko chini huuoni, utaanzia wapi? Unatoboa.

Viwanda vya gesi vya namna hii viliacha sumu zinazofanana, ila hazikai sehemu moja. Benzini, kimiminika chenye sumu kinachogeuka mvuke haraka, inaelea juu ya maji ya ardhini, lami ya makaa ni nzito kuliko maji kwa hiyo inazama mpaka igote kwenye udongo wa mfinyanzi, halafu kuna udongo wenye sayanaidi, huo ukiutoa tu unauona una rangi ya bluu iliyokolea. Kwa hiyo ukichimba kifupi lami unaikosa kabisa.

Mita 1.2 za kwanza wanachimba kwa mkono, maana kunaweza kuwa na nyaya za umeme au mabomba. Baada ya hapo wanasimamisha mtambo wa miguu mitatu wenye winchi, unanyanyua chuma kizito na kukiachia kianguke, huku shimo likivalishwa bomba la chuma lisibomoke. Kila baada ya kina fulani wanaangusha nyundo ya kilo 63.5 kutoka sentimita 76 na kuhesabu mapigo mangapi yanazamisha kifaa sentimita 30, mapigo machache maana yake ardhi laini. Sampuli za kupima benzini zinajazwa kwenye chupa ya kioo mpaka juu na kuwekwa kwenye boksi la baridi, ukiacha nafasi ya hewa mvuke unatoka na maabara inakupa jibu la uongo.

Lakini kazi ngumu kuliko zote, na hapa naomba watu waelewe, ni kupita kwenye ule mfinyanzi. Sehemu nyingi za London chini zaidi kuna mwamba wa chokaa wenye maji ambayo watu wanakunywa, ukitoboa ovyo wewe mwenyewe ndo umeifungulia sumu njia! Ndo maana wanashindilia bomba pana kidogo ndani ya mfinyanzi, wanasimama, wanaweka bentonaiti, aina ya udongo ambayo ikilowa inavimba na kuziba, wanatoa maji machafu yote ndani ya bomba, halafu wanaendelea na bomba jembamba ndani ya lile pana.

Mashimo mengine yanazibwa, mengine yanaachiwa bomba la plastiki lenye matundu ili warudi kupima maji na gesi kama methani, na hiyo methani wanapenda kuipima siku mgandamizo wa hewa unaposhuka kwa sababu ndo inatoka kwa wingi.