Ugomvi wa gatini, kikombe cha nyumbani: maswali kuhusu kotisoli

Mama mmoja wa Langoni, hapa Lamu, alinijia zahanati na kisa hiki. Mumewe hubeba saruji kwa punda kutoka gatini. Asubuhi moja tajiri alimkata ujira kwa mfuko uliopasuka, wakarushiana maneno. Nusu saa baadaye mume akaingia nyumbani, kimya. Mtoto akamwaga chai, nayo ilikuwa nusu kikombe tu. Kile kikombe kikaishia ukutani.

Daktari, si alikuwa ameshatulia?

Uso ulitulia, damu bado. Ugomvi unapozuka, adrenalini hutoka papo hapo: moyo mbio, viganja vyatota jasho. Kotisoli, homoni ya mfadhaiko, huja nyuma yake, polepole. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huipa habari tezi ya pituitari, nayo huziamsha tezi za adrenali, zile zilizokaa juu ya figo kama kofia. Ndizo zinazomwaga kotisoli, ambayo hufika kileleni dakika 20 hadi 30 hivi baada ya kishindo, kisha huchukua saa moja au zaidi kushuka. Sasa hesabu mwenyewe mwendo wa kutoka gatini hadi Langoni, punda mbele, na vichochoro vyetu hivi vya kupishana kwa mabega. Alibisha hodi kotisoli ikiwa juu kabisa.

Basi kotisoli ndiyo inayoleta ukali?

Hapo ndipo wengi wanapoionea. Bila kotisoli tusingeinuka kitandani. Hupanda kila asubuhi muda mfupi baada ya kuamka, na usiku wa manane huwa chini kabisa. Kazi yake ni kuupatia mwili sukari ya kukabili jambo, liwe tajiri mkorofi au dau linaloingia maji.

Ila ina uhusiano na ukali, na jaribio ninalolipenda ni la panya. Mwaka 2004 Menno Kruk wa Uholanzi na wenzake walichapisha walichokiona: waliposisimua kwa umeme sehemu ya haipothalamasi inayoamsha shambulio, homoni ya mfadhaiko ilipanda hata pasipo mpinzani. Na panya walioondolewa tezi za adrenali walipodungwa homoni hiyo, wakawa wepesi zaidi kushambulia. Hasira huipandisha homoni, homoni huipalilia hasira. (Panya hutumia kotikosteroni, nduguye kotisoli.) Binadamu si panya, lakini yeyote aliyewahi kugombana akaenda nyumbani akitafuta wa kugombana naye tena, anaijua hali hiyo.

Mbona kuna wakorofi wasioshtuka kabisa?

Hao ni habari nyingine. Mwaka 2000 Keith McBurnett na wenzake huko Marekani walipima mate ya wavulana 38 waliopelekwa kliniki kwa sababu ya utundu. Ukali ulioanza mapema na kudumu ulionekana zaidi kwa wale wenye kotisoli ya chini. Huenda asiyeogopa adhabu hana cha kumzuia. Kwa hiyo mume wa gatini na mtoto anayepiga wenzake huku macho makavu hawana shida moja, wala dawa moja.

Nimpeleke akapimwe?

Kipimo kipo, lakini hutafuta magonjwa ya tezi, hakipimi hasira. Jambo moja tu: ikiwa anameza vidonge vya prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama kotisoli, kwa mfano kwa pumu, na amebadilika tabia, mwambie daktari aliyemwandikia. Asiviache ghafla. Baada ya muda mrefu wa vidonge tezi zake huwa zimelala, na kuacha mara moja ni hatari kwa maisha.

Afanye nini, basi?

Asiingie nyumbani na moto wa gatini. Nilimshauri ampeleke punda baharini kwanza, amwoshe taratibu, mashogi yakauke, ndipo apande mjini. Hesabu za siku zisubiri hadi jioni. Kahawa chungu si rafiki wa saa hiyo, kwani kafeini nayo hupandisha kotisoli; na anayekesha na miraa akaamka alfajiri kupokea jahazi hujitafutia balaa.

Na akisema "si mimi, ni homoni"?

Muulize kwa nini kikombe hakikumpata tajiri. Gatini, kotisoli ikipanda, aliuzuia mkono wake kwa sababu alijua atakosa kazi kesho. Nyumbani aliuachia. Mama huyo nilimwambia hivyo hivyo, na nikamwandikia namba 1195 kwenye kadi ya kliniki ya mtoto: hupigwa bure nchini Kenya, kwa yeyote anayepigwa au kutishwa nyumbani.