Ugiriki na deni lake: tunayodanganyana kijiweni

Kijiweni kwetu huku Kilombero, Arusha, kahawa ikishamiminwa tu mada ya deni la taifa haikosekani, alafu lazima mtu aichomekee Ugiriki, "si mliona Wagiriki walivyofilisika", na hapo kila mtu anageuka mchumi. Mimi sio mchumi, niliwahi tu kuwa mweka hazina wa kikoba, ila ile habari niliifuatilia sana 2015 na kuna vitu vinarudiwa vibaya mpaka nimechoka kubishana kwa mdomo.

Kubwa kuliko zote ni hii ya "Wazungu waliwapa Wagiriki mabilioni wakayala". Mikopo ya kuiokoa Ugiriki ilikuwa mitatu, wa 2010 euro bilioni 110, wa 2012 bilioni 130, wa 2015 ukawekewa mpaka bilioni 86. Ukisikia hizo hesabu unaona kama kila mtu Athens alibebeshwa gunia la hela. Sasa mfikirie mama wa genge anayedaiwa kausha damu, Jumapili anaenda kukopa kwa shemeji ili Jumatatu apeleke marejesho, yaani hela kaishika asubuhi, mchana imeondoka, jioni hana hata ya mchele na sasa hivi anadaiwa na shemeji. Ndo hivyo hivyo. Sehemu kubwa ya zile pesa ililipa hatifungani za zamani, yaani zile karatasi serikali inazouza kukopea hela, pamoja na riba, nyingine ikaenda kuziongezea mtaji benki zao. 2016 watafiti wa chuo cha ESMT cha Berlin, Wajerumani hao hao, walipiga hesabu za mikopo miwili ya kwanza wakakuta chini ya asilimia 5 ndo iliyoingia kwenye bajeti ya serikali ya Ugiriki. Mwanzoni waliokuwa wanadai ni benki, zikiwemo za Ufaransa na Ujerumani, mwisho wa siku mdai mkubwa akawa mlipa kodi wa nchi nyingine za euro. Kwa hiyo yule Mjerumani aliyekuwa anafoka kwenye TV hasira yake naielewa, ila alikuwa anamfokea muuza samaki wa bandari ya Piraeus kule Ugiriki wakati hela imepita benki za kwao.

"Wavivu wale." Hapana bana. Takwimu za OECD, ile jumuiya ya kiuchumi ya nchi tajiri, za miaka ile zinaonyesha mfanyakazi wa Kigiriki alikuwa anapiga zaidi ya saa 2,000 kwa mwaka, Mjerumani kama 1,400. Saa nyingi hazimaanishi uzalishaji mkubwa, sawa, lakini shida haikuwa usingizi, shida ilikuwa kodi zisizokusanywa na serikali zilizopika hesabu. Oktoba 2009 serikali mpya iliingia ikafunua daftari, pengo la bajeti ambalo Ulaya iliambiwa halifiki asilimia 4 ya uchumi likaonekana ni zaidi ya 12, na walipomaliza kuhakiki likapita 15. Aliyewahi kukuta daftari la kikoba lina kurasa zilizochanwa anajua kikao cha siku hiyo kinavyokuwa.

Wa "wangechapa noti" nao wapo. Euro hawachapi watakavyo wao, mwenye kauli ni Benki Kuu ya Ulaya, Frankfurt. Na hata sisi wenye shilingi yetu, deni la dola hulilipi kwa kuchapa shilingi.

Ila inayoniuma zaidi ni "walipiga kura ya HAPANA, wadai wakaogopa wakawasamehe". Hii imegeuzwa kichwa chini kabisa. Mazungumzo na wadai yalikwama Juni 2015, Waziri Mkuu Alexis Tsipras akatangaza kura ya maoni juu ya masharti yao, tarehe 29 benki zikafungwa, mtu mwisho kutoa ATM euro 60 kwa siku, wazee wanapanga foleni ya pensheni tangu alfajiri, tarehe 30 nchi ikashindwa kulipa euro bilioni 1.5 hivi za IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, Julai 5 wananchi wakasema hapana kwa asilimia 61, watu wakacheza barabarani. Kesho yake waziri wa fedha Yanis Varoufakis akajiuzulu. Wiki moja baadaye, Brussels, viongozi wakakaa saa kama 17 usiku kucha, na Tsipras akatoka na masharti ambayo wengi waliyaona makali kuliko yale yaliyokataliwa kwenye kura, kodi juu, pensheni zikabanwa, mali za umma kwenye mfuko wa kuuzwa. Kwa nini alikubali? Kwa sababu benki za kwake zilikuwa zinapumua kwa fedha za dharura zilizoruhusiwa na Frankfurt, na mwenye bomba akishafunga, kura yako haikuletei maji.

Kusamehewa kulikuwepo lakini mapema, 2012, wenye hatifungani wa sekta binafsi walikatwa zaidi ya nusu ya thamani. Na humo humo mifuko ya pensheni ya Wagiriki wenyewe ilikuwa na hatifungani hizo, ikakatwa pia. Hii kijiweni hakuna anayeitaja.

Bandari ya Piraeus nayo wanasema Mchina kaichukua kwa deni. Mchina hakuwa mdai wao pale. COSCO, kampuni ya meli ya serikali ya China, ilinunua asilimia 51 mwaka 2016, na waliosukuma iuzwe ni wadai wa Ulaya.

Nikifika hapo mzee mmoja hucheka, anasema sisi tulishayaona, na ni kweli, Januari 1980 Mwalimu aliihoji IMF hadharani nani kaipa uwaziri wa fedha wa dunia, na mwaka ule ule wajumbe wakakutana hapa hapa Arusha wakataka mfumo mzima wa fedha duniani ubadilishwe. Tukabana, tukapanga foleni ya sabuni na sukari, na 1986, enzi ya Mzee Ruksa, tukasaini na IMF.

La mwisho, "Ugiriki ilishamaliza 2018". Iliyoisha Agosti 2018 ni programu ya mikopo. Vizuizi vya kuhamisha hela vya ile 2015 viliondolewa vyote Septemba 2019, IMF wakamaliziwa 2022 kabla ya muda, na mikopo ya Ulaya bado italipwa na watoto ambao leo wako chekechea.