Heller 20 ya Tabora: kupinda kwake si uadimu

Wauzaji wengi wa sarafu kuukuu wakishika heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916 (heller ilikuwa fedha ndogo ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki) yenye ukingo uliopinda au taji lililofifia, huipandisha bei wakidai ni "toleo adimu". Sivyo.

Sarafu hizi Wajerumani walizigonga kwenye karakana ya reli mjini Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli za Uingereza zilipokuwa zimeziba njia ya bahari na sarafu kutoka Ujerumani hazifiki. Mitambo haikuwa ya kiwanda cha sarafu, kwa hiyo picha kugongwa pembeni badala ya katikati, au kutoka hafifu, lilikuwa jambo la kila siku.

Tofauti yenye maana ni ile iliyochongwa kwenye muhuri wa chuma wenyewe, kwa sababu hujirudia vilevile katika kila sarafu iliyogongwa na muhuri huo. Chukua kioo cha kukuzia, anza na taji lililo juu ya mwaka: kuna kubwa na kuna dogo. Kisha geuza, tazama herufi L mbili za neno HELLER. Ncha zake zimechongoka, au zimejikunja? Zote mbili, au ya pili tu? Mchanganyiko wa taji na herufi ndio unaotaja aina, pamoja na madini: shaba nyekundu au shaba ya njano.

Mkwaruzo, kutu na alama za nyundo (hizo nyingi zimeingia baadaye, mifukoni na sokoni) hazihesabiwi kabisa.