Oili kwenye maji ya rejeta: usikimbilie kufungua hedi

Hapa Unga Limited, Arusha, lori likija na utando wa oili kwenye tanki la maji ya rejeta, dereva ameshahukumu njiani: gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) imekwenda. Mimi huwa namwomba mwenye gari avute subira. Kufungua hedi ya injini ya silinda sita ni gasketi mpya, boliti mpya na siku kadhaa lori limelala, na mara nyingi unakuta hedi ni nzima kabisa.

Kwanza jiulize: kipi kimeingia kwenye kipi? Injini ikiwa moto na inavuta, presha ya oili huwa kama ba (kipimo cha presha) 3 hadi 5, wakati ya maji ni ndogo zaidi, mara nyingi kama ba 1. Kwa hiyo oili kula, yaani kipoza oili kinachopozwa na maji ya injini, ikitoboka, oili ndiyo inayosukumwa kwenye maji. Ukizima, presha ya oili inaanguka papo hapo, lakini maji bado yamechemka na yana presha yake, yanarudi kupitia tundu lile lile mpaka sampo, bakuli la oili chini ya injini. Hiyo oili kula ifungue, zibe matundu yake, izamishe kwenye maji ya moto na uijaze upepo. Mapovu yatakuonyesha.

Kama lori lina retada (kifaa chenye oili yake kinachosaidia breki kupunguza mwendo) inayopozwa na maji ya injini, angalia na huko. Tanki limejaa oili lakini dipstiki ya injini haijashuka? Pima oili ya retada kabla hujagusa kitu kingine.

Maji yakiwa kwenye sampo na tanki la rejeta likawa safi, mimi nashuku laina, silinda ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Lori lilale usiku kucha, asubuhi legeza nati ya sampo taratibu bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yanatangulia kutoka. Hapo usiwashe tena injini, kwa sababu oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa hailindi beringi za krenki. Shusha sampo, funga pampu ya mkono kwenye tanki la rejeta, pandisha presha hadi ile iliyoandikwa kwenye mfuniko wake, kisha lala chini na tochi. Uwe mvumilivu, tone linaweza kuchelewa. Likitokea chini ya laina kwa nje, ni o-ringi, mpira wa duara unaoziba maji hapo. Likishuka ndani ya laina, kando ya pistoni, laina imetoboka au tatizo liko juu. Sasa hedi ifunguliwe. Laina nyingi hutobolewa na tabia ya kujaza maji ya bomba matupu bila kulanti, dawa ya maji ya rejeta.

Povu jeupe chini ya mfuniko wa oili pekee, hasa Julai na gari la safari fupi za Usa River, mara nyingi ni unyevu wa baridi tu. Dipstiki ikiwa safi na maji hayapungui, liache.

Ukishatengeneza, safisha njia za maji kwa dawa ya kuondoa grisi mpaka yatoke meupe, na ubadilishe paipu za mpira zilizolowa oili. Zinavimba, halafu zinapasuka gari likiwa na mzigo.