Je, wajua kwa nini dhahabu iko Geita, tanzanite iko Mirerani, na mlima Kilimanjaro umeambulia patupu?

Ukikaa Moshi au Arusha hili swali lazima ukutane nalo tu, iwe kijiweni, iwe msibani watu wanasubiri chakula. Hivi inakuwaje mlima mrefu kuliko yote Afrika usiwe na dhahabu hata ya pete moja, halafu kule Geita kwenye vilima vya kawaida kabisa wanachimba miaka nenda rudi? Na Mirerani je, pale karibu tu na uwanja wa ndege wa KIA, asubuhi mawingu yakitoka unauona mlima wote mzima, pale kuna jiwe ambalo dunia nzima halichimbwi sehemu nyingine, ila ukija Marangu au Machame unachimba shimo la choo unakutana na udongo mwekundu na mawe meusi basi.

Wengi wanamalizia kwa kusema madini yapo mlimani ila yanafichwa. Hayafichwi jamani. Jibu liko kwenye umri wa mawe, na ukishalielewa utaangalia kila kilima cha huku kwetu kwa jicho lingine kabisa.

Kwanza tuwekane sawa, dhahabu ipo karibu kila mahali, hata kwenye kokoto ulizomwagia zege la nyumba yako imo, ila ni kidogo mno. Jiwe la kawaida tani elfu moja nzima, yaani malori na malori, unaweza kukuta lina gramu chache tu. Mgodi ili ulipe unataka hizo gramu chache ziwe ndani ya tani moja. Maana yake ni kwamba sehemu kama Geita kuna kitu kilipita kikakusanya dhahabu iliyotawanyika kikaibana sehemu moja mara elfu au zaidi. Hicho kikusanyaji ndo cha kukitafuta. Mara nyingi ni maji ya moto ya chini sana, mara nyingine ni uji wa mawe yaliyoyeyuka (magma), mara nyingine ni joto na mgandamizo wa mabara mawili yanayogongana, na kuna wakati ni mto tu unaochekecha mchanga. Na kila kimoja kilifanya kazi yake Tanzania kwa wakati wake.

Tuanze na Geita maana ndo wazee. Mawe ya Kanda ya Ziwa, kuanzia Geita, Kahama, Nzega mpaka Mara, yana umri wa miaka kama bilioni 2.7 hivi. Wakati huo hakukuwa na mti, hakukuwa na mnyama, hewa yenyewe haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Kulikuwa na bahari na volkano zinatapika chini ya maji, na kwa kuwa oksijeni haikuwepo, chuma kilikuwa kinayeyuka kwenye maji ya bahari kama chumvi na kidogo kidogo kinashuka chini kinajipanga tabaka juu ya tabaka, moja jeusi la chuma, moja jekundu au la kijivu la silika (kitu kilekile cha kwenye mchanga), mengine membamba kuliko kidole. Hayo mawe ya mistari yapo Geita mpaka leo, ukishika kipande ni kizito kuliko unavyotegemea.

Baadaye ardhi ile ikabanwa, yale matabaka yakakunjika na kupasuka, na kwenye ile mipasuko yakaanza kupanda maji ya moto kutoka chini sana, joto nyuzi mia tatu na kitu lakini hayachemki kwa sababu mgandamizo wa huko ni mkubwa. Sasa dhahabu ikiwa peke yake haikubali kuyeyuka kwenye maji kirahisi, inahitaji salfa. Hapa nifananishe na daladala: dhahabu ni abiria, salfa ndo gari, na huko chini bila gari huendi popote. Gari likapanda na abiria wake mpaka likafika kwenye yale matabaka ya chuma, na salfa ikikutana na chuma haina habari na mtu tena, inaungana nacho palepale, inatengeneza yale madini ya njano yanayometameta ambayo yamewadanganya watu wengi wakidhani wameshatajirika. Salfa ikishaondoka kwenye maji, dhahabu haina usafiri, inashuka hapohapo. Ndo maana Geita wataalamu wanatafuta sehemu ambapo mpasuko umekata mwamba wa chuma, hawachimbi popote tu. Kwingine Kanda ya Ziwa utaikuta kwenye mishipa ya kwatzi, lile jiwe jeupe, kwa sababu maji yalipoa au mgandamizo ulishuka ghafla mwamba ulipopasuka, matokeo ni yaleyale.

Halafu sasa hiki ndo kitu ambacho watu wengi hawakiwazi: yote hayo yalitokea kilomita kadhaa chini ya ardhi. Kama leo tunaifikia kwa mashimo, wengine kwa sururu na nyundo tu, ni kwa sababu mvua na upepo vimekula kila kilichokuwa juu yake kwa zaidi ya miaka bilioni mbili. Geita ilishakuwa na milima yake. Imeisha.

Baada ya hapo mambo yaliendelea kwa vipindi. Miaka kama bilioni 1.9 iliyopita ukingo wa kusini magharibi wa lile bara la zamani lililobeba mawe ya Geita ulipata misukosuko, ndo unapata dhahabu ya Chunya na Mpanda. Miaka kama bilioni 1.4 iliyopita magma nzito ikapanda kule Ngara, ikala mawe yenye salfa njiani, na salfa ikavuta nikeli yote ikazama nayo chini, hiyo ndo Kabanga. Naenda haraka hapa maana nataka tufike kwetu.

Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, vipande vikubwa vya mabara viligongana na mstari wa ajali ulipita hapa hapa. Wataalamu wanauita Mkanda wa Msumbiji, unatoka Msumbiji unapita Tanzania, Kenya na kuendelea kaskazini. Ilitokea milima mikubwa kweli kweli, na mawe yaliyokuwa matope ya baharini yakasukumwa chini yakapikwa kwa joto na mgandamizo bila kuyeyuka kabisa. Upareni, Usambara, Longido, Simanjiro, yote hayo ni mabaki ya chini ya milima ile.

Pale Mirerani matope yale yalikuwa na vitu viwili vya bahati: mabaki mengi ya viumbe vidogo vya baharini, na vanadi, ambayo ni metali inayopenda kukaa pamoja na matope ya aina hiyo. Yalipopikwa, mabaki ya viumbe yakageuka madini ya kinywe, ile kitu nyeusi laini ya kwenye penseli. Ndo maana mwanaapolo (mchimbaji wa pale) akitoka shimoni anatoka mweusi tii anang'aa kama kapakwa risasi, ni kinywe hicho. Vanadi ikabaki humohumo. Baadaye, milima inaanza kupanda na kupoa, miaka kama milioni 585 iliyopita, maji ya moto yakapita kwenye mikunjo na nyufa za mwamba ule, yakachukua kalsiamu, alumini, silika, na hiyo vanadi kidogo, na kwenye mifuko iliyokuwa wazi jiwe likakua taratibu. Bila vanadi lingekuwa jiwe la kawaida tu ambalo hakuna mtu angelipigania. Bila mifuko ile lisingepata nafasi ya kukua kubwa. Mengi yanatoka shimoni yakiwa ya kahawia kabisa, yanachomwa ndo yanaingia kwenye ile bluu ya zambarau watu wanayoijua.

Wachimbaji wa pale hawakusoma jiolojia darasani lakini wanajua kufuata mstari wa kinywe na kuvizia pale mwamba unapojikunja, na hiyo ndo jiolojia yenyewe, mimi nawaheshimu sana kwa hilo. Mwaka 2020 mzee Saniniu Laizer alipotoa yale mawe mawili, moja kilo 9.27 na lingine kilo 5.1, akauza kwa bilioni 7.74, watu waliongelea bahati tu, ila mfuko wenye nafasi ya kukuza jiwe la ukubwa ule ulishatengenezwa kabla hata samaki hawajakuwepo baharini.

Mkanda huohuo ndo umetoa rubi za Longido zile zilizokaa ndani ya jiwe la kijani, na umetoa pia kitu ambacho babu zetu walikitumia kabla ya leseni wala mnada: chuma cha Upare. Mawe ya kule yana chembe za chuma chenye sumaku, mvua inayavunja, kijito kinachukua mchanga mwepesi kinaacha ule mweusi mzito umejikusanya kwenye kona. Wahunzi wa Ugweno, Washana, walikuwa wanaukusanya huo mchanga wanauyeyusha, na Wachagga walikuwa wanategemea chuma cha Upare kwa majembe na mikuki. Yaani mto ulikuwa umeshamaliza nusu ya kazi ya kiwanda.

Hii unaweza kuiona mwenyewe hata Moshi au Arusha mjini. Subiri mvua kubwa ipite, nenda kwenye mtaro au korongo uangalie ile michirizi myeusi juu ya mchanga, chukua sumaku ya spika mbovu uifunge kwenye mfuko wa nailoni uipitishe pale. Ikitoka imeota ndevu nyeusi ujue ni chuma hicho. Kwetu kinatoka kwenye mawe ya volkano na ni kidogo, huwezi kuanzisha kiwanda, ila utakuwa umeona kwa macho yako jinsi maji yanavyokusanya metali.

Sasa mlima wenyewe. Kilimanjaro ulianza kujengeka miaka kama milioni 2.5 iliyopita, Meru nao ni wa juzi tu na mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, kuna watu wazima walioshuhudia wakaja kuwahadithia wajukuu wao. Linganisha na Geita ya bilioni 2.7: ni kama mara elfu moja hivi. Hata kama maji ya moto yanazunguka chini ya mlima muda huu na yanaangusha kitu fulani, kiko kilomita kadhaa chini na hakuna mmomonyoko uliokifikia. Zaidi ya hapo, chini ya lava ya Kilimanjaro na Meru kuna mawe yaleyale ya zamani ya Mkanda wa Msumbiji, ndugu wa damu wa Mirerani na Upare. Mlima umeyafunika. Kwa hiyo sisi tumekalia mawe ya kizamani, ila juu yake pamemwagwa lava kwa unene ambao hakuna mgodi utakaoupita.

Na magma yetu ni ya bonde la ufa, ina tabia zake. Zile volkano za Chile na Indonesia zenye shaba na dhahabu nyingi zimekaa pale ambapo sakafu ya bahari inazama chini ya ardhi nyingine, magma ya pale inabeba maji mengi na salfa. Ya kwetu inabeba zaidi sodiamu, floridi, kaboni. Ndo unapata magadi ya Natron, ndo unapata Oldoinyo Lengai, volkano pekee duniani inayotoa lava ya magadi, inatoka nyeusi baada ya muda mfupi inageuka nyeupe. Na ndo unapata yale meno ya kahawia ya watu waliokulia maji ya Arusha na Meru, ile floridi inatoka kwenye mawe hayahaya.

Lengai hiyo usiidharau lakini. Kuna ndugu zake wa zamani: Panda Hill kule Mbeya, umri zaidi ya miaka milioni 100, kilele kimeshaliwa na mvua na ndani yake wamekuta niobiamu ya kuimarisha chuma. Ngualla, mkoa wa Songwe, ni ya miaka kama bilioni moja, ina yale madini adimu ya kutengenezea sumaku za mota za magari ya umeme. Volkano ni za ukoo mmoja, tofauti yao kubwa na Lengai ni kwamba wao wameshachunwa mpaka ndani.

Kwa hiyo kama kuna mtu amekufuata anakuuzia hisa za shimo la dhahabu kwenye mteremko wa Meru au Kibosho, usitoe hela. Okota jiwe la pale uliangalie. Likiwa jeusi au kijivu lina vitundu vitundu, hilo ni la volkano, na matumizi yake ni kokoto, tofali na pozolana (mawe ya volkano yanayosagwa na kuchanganywa kwenye sementi) kama ile ya Holili. Likiwa na mistari iliyojikunja na chembe za ulanga zinazomeremeta juani, kama yale ya Mwanga, Same au Simanjiro, hapo angalau una mwamba wa kuanzia mazungumzo. Halafu kabla ya kununua hata sururu, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma, GST, wana ramani za miamba za maeneo, unaangalia eneo lako limekaa kwenye mwamba gani na wa umri gani, na ofisi ya madini ya mkoa inakwambia kama kuna leseni ya mtu tayari.