Nembo ya Matter kwenye boksi haitoshi kukuchagulia habu

“Balbu ina nembo ya Matter, habu ina nembo ya Matter, mbona haziungani?” Swali hili halikomi kwa wanaonunua vifaa janja vya nyumbani na habu, yaani kisanduku kinachoviunganisha na kuviongoza. Jibu linalosambaa nalo ni lilelile: chukua habu yoyote, siku hizi vifaa vyote vinaelewana. Si kweli, na ushauri huo unagharimu watu. Balbu nzima zinarudishwa dukani kwa kudhaniwa mbovu, na habu iliyokuwa inafanya kazi yake vizuri inatupwa kabatini.

Matter ni lugha ya pamoja ya vifaa janja vya nyumbani. Toleo la 1.0 lilitoka Oktoba 2022, na linaeleza namna kidhibiti kinavyoiambia taa iwake au ipunguze mwanga hadi asilimia 40. Ujumbe wenyewe unaweza kupita njia tatu: Ethaneti, Wi-Fi au Thread, ambayo ni mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani. Bluetooth nayo imo, ila kazi yake kubwa ni pale unapoelekeza kamera ya simu kwenye msimbo wa QR kusajili kifaa kipya. Sasa balbu ya Matter inayotumia Thread inadai vitu viwili nyumbani: kidhibiti cha Matter, na ruta ya mpaka ya Thread, yaani kifaa kinachopokea ujumbe wa Thread upande mmoja na kuupitisha kwenye Wi-Fi au Ethaneti upande wa pili. Habu inaweza kuwa na cha kwanza bila cha pili, na nembo ikawa halali kabisa.

Tazama Apple TV 4K ya 2022. Zipo mbili zenye jina moja na umbo moja. Ile ya GB 64 ina Wi-Fi pekee na haina redio ya Thread. Ile ya GB 128, yenye tundu la Ethaneti, inayo. HomePod mini inayo, HomePod ya 2018 haina. Kwa Google, Nest Hub ya kizazi cha pili inayo, lakini Nest Mini ni kidhibiti cha Matter kisicho na Thread. Kwa hiyo anayekwambia “nunua ya kampuni fulani” hajakwambia kitu. Fungua karatasi ya vipimo ya modeli yenyewe na utafute maneno Thread Border Router, yaani hiyo ruta ya mpaka. Yasipokuwepo, chukulia kwamba haina.

Tena hata redio ikiwepo, bado lugha yenyewe ina matoleo. Matter 1.0 haikuijua roboti ya kufagia. Aina hiyo ya kifaa iliingia na toleo la 1.2, Oktoba 2023. Na toleo kutoka hakumaanishi habu yako imelipokea, kwa sababu kila kampuni huchagua aina zipi za vifaa itaziwezesha na lini. Ndiyo maana kifaa kinasajiliwa vizuri, kisha kwenye programu kinaonekana kama swichi ya kuwasha na kuzima tu, au hakionekani kabisa. Kabla ya kununua, tafuta orodha ya aina za vifaa ambazo habu hiyo inazitambua, na uisome ukiwa na orodha yako mkononi.

Kosa la pili limetoka tumbo moja na la kwanza: “habu yangu ina Zigbee, na Zigbee na Thread ni redio moja, basi Thread itakuja na sasisho.” Zigbee ni mtandao mwingine wa redio wa vifaa janja, na nusu ya kwanza ya maneno hayo ni kweli. Zote mbili zimejengwa juu ya kiwango kimoja cha redio, IEEE 802.15.4, kwenye masafa ya 2.4 GHz. Lakini juu ya redio hiyo zinatofautiana tangu anwani hadi ufunguo wa usiri. Thread inatumia IPv6, yaani anwani za intaneti, Zigbee ina mfumo wake. Chipu moja inaweza kuwekewa programu ya hii au ya ile. Kuziendesha zote kwa pamoja kwenye redio moja kumejaribiwa, na watengenezaji wa Home Assistant, programu ya kuendesha nyumba janja, wenyewe hawakupendekezi. Ukitaka zote mbili, tafuta habu yenye redio mbili, au nunua redio mbili za USB za kuchomeka kwenye kompyuta.

Vilevile, habu ya Zigbee inayosema inatoa vifaa vyake kwa Matter, kama Hue Bridge au Dirigera ya IKEA, ni daraja. Balbu zako zinabaki za Zigbee, na daraja ndilo linalotafsiri. Linafanya kazi vizuri sana kwa kuwasha, kuzima, mwanga na rangi. Yale mambo maalumu ya mtengenezaji aghalabu hayavuki, yanabaki kwenye programu yake. Usiuze daraja hilo eti sasa una Matter. Ukiling'oa, balbu zinapotea zote.

Z-Wave, mtandao mwingine tena wa redio, niipitie haraka. Ni teknolojia nzuri, haigombanii hewa na Wi-Fi kwa sababu iko chini ya GHz 1, na inapendwa kwa vitasa vya milango. Mtego wake ni masafa ya eneo: Ulaya 868.42 MHz, Marekani 908.42 MHz. Kitasa cha Marekani hakisikii habu ya Ulaya, na hakuna mpangilio wa programu wa kukiokoa. Soma kibandiko cha nyuma ya kifaa kabla hujalipa.

Na wanaosema Wi-Fi inatosha, habu ya nini? Kwa soketi nne na kamera moja, inatosha kweli. Kwa vihisi vya mlango vya betri, kwa kawaida haifai, kwa sababu redio ya Wi-Fi inakula umeme mwingi mno kwa betri ndogo ya CR2032.

Sasa tufike panapoamua kama utafurahia habu yako au utailaani: Zigbee na Thread hazipimwi kwa ukubwa wa antena. Boksi litakwambia “vifaa 200” au “mita 100”. Yaache. Ndani ya nyumba yenye kuta, nguvu ya mtandao inatoka kwenye vifaa vya umeme wa ukutani, kama soketi na balbu, ambavyo vingi ni ripita pia: hupokea ujumbe wa jirani na kuupitisha. Kihisi cha betri hakipitishi cha mwenzake. Kinalala, kinaamka, kinasema neno lake, kinalala tena. Mtu mwenye habu ya bei ya juu na vihisi 30 vya betri bila soketi hata moja ana mtandao dhaifu kuliko mwenye habu ya kawaida na soketi janja katika kila chumba cha pili. Chipu nyingine zina kikomo kidogo cha vifaa vinavyoshikana nazo moja kwa moja. CC2531 ya zamani huchoka kwenye 20 hivi. Hiyo 200 ya kwenye boksi inahesabu wale wanaopitia kwa ripita.

Hapo ndipo swichi ya kawaida ya ukutani inapoleta balaa. Balbu ya sebuleni ni ripita, vihisi vitatu vya bafuni vimejishikiza kwake, mtu anazima swichi ya ukutani, na bafuni kunanyamaza. Habu inalaumiwa bure. Weka soketi isiyozimwa na mtu katikati ya nyumba, au funika swichi hiyo na utumie kitufe kisicho na waya.

Hewa nayo ina mipaka. Zigbee ina chaneli 11 hadi 26 kwenye 2.4 GHz, kila moja imeachana na jirani yake kwa MHz 5. Wi-Fi ya chaneli 1 inafunika Zigbee 11 hadi 14, chaneli 6 inafunika 16 hadi 19, na chaneli 11 inafunika 21 hadi 24. Zinazobaki kwenye mianya ni 15, 20, 25 na 26. Hiyo 26 iepuke, kwani vifaa vingi huipunguzia nguvu na vingine haviisikii kabisa. Ipangie Wi-Fi chaneli maalumu kwanza, upana wa MHz 20, wala usiiache ijichagulie. Kisha chagua chaneli ya Zigbee kabla hujaoanisha (hujaunganisha na habu) kifaa hata kimoja, maana ukibadilisha baadaye baadhi ya vifaa vitafuata na vingine itabidi uvioanishe upya kimoja kimoja. Habu isiyokuruhusu kuona wala kubadilisha chaneli, mimi siinunui.

Kwa wanaotumia redio ya USB: usiichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB 3.0. Intel walishachapisha vipimo mwaka 2012 vikionyesha USB 3.0 inatoa kelele ndani ya 2.4 GHz. Dalili yake ni kifaa kilicho mita mbili kuonekana na mawimbi hafifu, au kuoanisha kugoma kabisa. Waya wa kurefusha wa mita moja, kwenye tundu la USB 2.0, mbali na diski ya nje na mbali na ruta ya Wi-Fi, huondoa tatizo hilo mara nyingi kuliko kununua redio mpya.

Kuna jambo vitabu vinalipaka rangi. Vinasema mtandao hujirekebisha wenyewe: ripita ikifa, kifaa hutafuta nyingine. Baadhi hufanya hivyo. Vihisi vingine vya betri hung'ang'ania ripita iliyokufa mpaka uvioanishe tena, na kwenye karatasi ya vipimo hakuna pa kuliona hilo. Thread nayo ilitarajiwa kuwa mtandao mmoja wa nyumba nzima, lakini ruta za mpaka za kampuni tofauti mara nyingi zimejenga kila moja kisiwa chake. Thread 1.4, ya mwaka 2024, imeweka sharti la kushirikisha vitambulisho vya mtandao, na vifaa vya zamani vinategemea sasisho kutoka kwa waliovitengeneza. Ndiyo maana kwa nyumba inayoanza leo nayumba kati ya Zigbee na Thread. Kwa nyumba yenye Zigbee inayofanya kazi, siyumbi: iache.

Kipimo cha mwisho kabla ya kuamini habu ni kuchomoa waya wa intaneti kwenye ruta, ukaiacha Wi-Fi ikiwaka, kisha ukabonyeza kitufe. Taa ikiwaka, kanuni zako, yaani maagizo uliyoyapanga kama “kitufe hiki kiwashe taa ile”, zinaendeshwa ndani ya nyumba. Isipowaka, taa yako inategemea seva za mtu mwingine. Yamewahi kutokea kwa habu kadhaa: Revolv ilizimwa Mei 2016, Iris ya Lowe's ikafuata Machi 2019, na seva za Insteon zikazimika Aprili 2022 bila onyo kwa wateja. Fanya kipimo hiki ndani ya muda wa kurudisha bidhaa.

Uliza pia kuhusu nakala rudufu. Ufunguo wa mtandao wa Zigbee unakaa ndani ya habu, na habu ikifa bila nakala utapanda ngazi kuoanisha kila balbu upya. Zigbee2MQTT, programu ya kuendesha Zigbee kwa redio ya USB, huhifadhi nakala ya redio kwenye faili, na redio ya aina ileile ikiingizwa vifaa havihisi mabadiliko. Habu nyingi za dukani haziruhusu kuhama hivyo.

Habu ikishafika, anza na vifaa vya umeme, kuanzia vilivyo karibu kwenda mbali, kila kimoja kikiwa mahali pake pa kudumu. Kukioanisha mezani karibu na habu kisha kukipeleka chumba cha mwisho kunakifanya kikumbuke njia isiyokuwepo tena. Vipe muda vijuane, ikiwezekana usiku kucha. Vya betri viwe vya mwisho, navyo vioanishwe palepale vitakapobandikwa. Kihisi kipya kikikataa, badilisha betri kwanza: CR2032 iliyokaa sana dukani inaweza kuwasha taa ndogo ya kihisi na bado ikashindwa kuibeba redio wakati wa kuoanisha.