Mpenzi wa mjusi wa Tendaguru hatafuti rupia

Kijana wa Lindi anayependa dinosaria mara nyingi huona haya kusema. Akionekana korongoni anapiga picha mawe, watu hunong'ona kwamba anatafuta rupia za Wajerumani, au zebaki. Si kweli, na kujificha ndiko kunakokoleza tetesi.

Kilichochimbwa na Wajerumani Tendaguru, kilima cha mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 ni mifupa ya dinosaria ya miaka milioni 150 hivi, iliyokwisha kugeuka jiwe. Ndani yake hamna dhahabu wala zebaki. Wapagazi waliibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200, kazi ambayo haijapewa heshima yake. Mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria ambaye mifupa yake iliunganishwa na kusimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, mwaka 1937, ana kimo cha mita 13.27. (Mjusi ni jina la mazoea tu, kwa nasaba yuko karibu zaidi na kuku.)

Ukitaka kwenda, anza kwa mwenyekiti wa kijiji, mchana kweupe, umwoneshe picha za unachokipenda. Jembe liache nyumbani: ndilo linalotia watu shaka, tena sheria ya mambo ya kale hairuhusu kuchimba bila kibali. Ukiona mfupa, weka sarafu au rula pembeni, piga picha ya karibu, kisha ya mbali inayoonyesha tabaka la udongo, uandike mahali. Usiung'oe. Ukishatoka kwenye tabaka lake, ushahidi wa umri wake umepotea, hata ukiurudisha siku hiyo hiyo.